Jioni Ile Sikuweka Kiganja

Jumamosi, tarehe saba Mfungo Mosi, baada ya alasiri

Mwanangu Somoe,

Naapa nitakwambia yote katika barua hii, hata lile ambalo wewe mwenyewe hulijui. Nakwambia leo kwa sababu kesho asubuhi utakuwa kwenye basi, na mimi nitakuwa nimeshapata sababu ya kunyamaza. Ukiambiwa kwamba mwandiko umeyumba mahali, ujue nilisimama nikatoka nje, kisha nikarudi.

Nasema ukiambiwa kwa kuwa najua utasomewa na shangazi unayekwenda kukaa kwake. Shangazi wa Somoe, shikamoo. Mimi naitwa Mwanahawa, niko kidato cha nne, kwetu ni Chumbi. Usishangae nikimwita mtoto wa kaka yako mwanangu. Hapa shuleni kila msichana anayeingia kidato cha kwanza hupewa mama kutoka madarasa ya juu. Mama humwonyesha kisima kilipo, humfundisha kulala kitanda cha juu bila kuanguka, na mtoto akikosea anaitwa mama kwanza. Haikuandikwa popote, lakini tunaishika. Somoe nilipewa mimi mwaka jana. Nakuomba usome mpaka mwisho bila kuruka, hata pale utakapotamani kuichana.

Mambo ya safari sitayagusa, Somoe. Wenzako wanakufungia tranka hivi sasa, na nawasikia wakigombana kama kanga zikae juu au chini. Mimi nimekaa Bombani, paa limefungwa, mlango uko wazi, na ninaogopa. Naogopa jicho lako. Naogopa hatua za baba yako kila zinapopita kwenye kokoto. Na naogopa kwamba ukishasikia haya hutaniita mama tena, nami nitakuwa nimestahili.

Unajua Mkuu wa shule alinipa kazi ya kuandika historia ya Bombani, isomwe siku ya mahafali. Nilikuwa nimefika ukurasa wa saba. Leo nimezisoma kurasa zote, na kila nilichoandika ni kweli. Ila sehemu ya mwisho haimo, na sehemu ya mwisho ni sisi wawili.

Shangazi, Bombani ni jina la utani la kituo chetu cha kutazamia nyota. Darubini yake imetengenezwa kwa bomba la maji la plastiki, lile pana linalopitishwa chini ya barabara. Walioijenga ni wasichana tisa na Mwalimu Mbonde wa fizikia, kabla mimi sijafika hapa. Kioo alikituma mgeni aliyewahi kujitolea kufundisha, kimeviringishwa ndani ya blanketi, na kikakaa kabatini mwaka mzima maana hakuna aliyejua kifanywe nini. Wale wasichana walifyatua matofali kwa udongo wa bondeni, wakayachoma kwa pumba za mpunga kutoka mashine ya Ikwiriri. Aliyeyapanga ni Dada Zainabu. Baba yake ni mwashi huko Mohoro, na yeye alikuwa amemshikia baba yake timazi tangu akiwa mdogo.

Mafundi waliokuwa wakijenga maabara walipita, wakasimama kucheka.

"Nyie mabinti, nyumba haina paa mnajenga nini? Choo?"

"Paa lipo," Dada Zainabu akawajibu bila kugeuka. "Ila letu linatembea. Lenu likitembea, mmeharibu kazi."

Na likatembea kweli, kwa magurudumu ya geti juu ya reli za mbao. Kisha mchwa wakala reli. Kisha masika yakaja, maji yakaingia mpaka magotini, maana walikuwa wamejenga chini karibu na uwanja. Wakalibeba bomba vichwani, wanne kila upande, limefunikwa shuka. Matroni alipowaona kwa mbali akashika kichwa, "Inna lillahi, nani tena?" Walivunja ukuta tofali moja moja, wakaupandisha huku mlimani, na safari hii reli zikawa za chuma. Hadithi hii nilikusimulia wiki ya kwanza ulipokuja kutoka visiwa vya mtoni, wakati hata mlio wa paa likifunguka ulikuwa unakutisha. Ulicheka mpaka kwikwi. Nilifurahi kwa sababu tangu ufike ulikuwa hujacheka.

Lakini kuna kipande nilikusimulia haraka haraka, na ndicho kilichokuwa na maana kuliko vyote. Siku moja mchana Dada Zainabu aliacha bomba wazi na kuinama mbele ya tundu la kutazamia, akitafuta funguo zilizoanguka. Alisikia harufu ya kitu kinachoungua. Mtandio wake ulikuwa umetoboka, tundu dogo kama punje ya dengu. Wasichana wote tisa wakakaa chini wakatazama lile tundu, wakaelewa kwamba lingeweza kuwa jicho. Wakaweka kanuni ambayo imeshikwa mpaka mwaka huu: kabla ya jicho la mtu yeyote, kiganja cha mkubwa wa zamu. Unaweka kiganja kwenye tundu, unahesabu mpaka kumi. Ukiona doa la mwanga, ukihisi joto hata kidogo, unafunika bomba na hakuna anayetazama. Kiganja ni cha mkubwa, hakitumwi mtoto. Kisha mkubwa anaandika kwenye daftari la zamu: kiganja kimepimwa, salama.

Nimeandika maneno hayo mara nyingi mno. Nadhani hapo ndipo kosa lilipoanza kukua, kwamba mkono wangu uliyazoea kuliko macho yangu.

Sasa jioni ya mfungo wa ishirini na tisa.

Unakumbuka walivyokuja watu. Wazee wa msikiti, akina mama na masufuria ya uji, watoto, hata wale waliokuwa wakisema bomba letu ni mchezo wa shule. Wote walitaka kujua kama kesho ni Idd. Bibi mmoja mwenye kanga ya njano alinishika mkono pale mlangoni.

"Mjukuu wangu, mwezi mtautoa leo au mtatufungisha thelathini?"

"Hatuutoi sisi, bibi. Tunautafuta tu."

"Basi utafuteni vizuri. Mbuzi wangu nimeshamfunga kamba, anajua kila kitu."

Watu wakacheka, nami nikajiona mtu mkubwa. Mwalimu Mbonde alikuwa ameenda kumzika jamaa yake, akaniachia ufunguo na neno moja: jua lizame kwanza. Kwa hiyo mkubwa wa zamu nilikuwa mimi. Nilikuchagua wewe utazame kwa kuwa hakuna hapa anayeujua mwezi kama wewe. Ulinifundisha mwenyewe kwamba kwenu mnaujua kwa maji, kwamba bamvua la maji makubwa likija na mwezi haupo angani, mnaanza kuhesabu. Mchana ule ulikuwa umeniambia, "Mama, maji ya kwetu yatakuwa yamejaa sana leo. Mwezi upo, umejificha tu." Nilikuamini kuliko kitabu.

Magharibi kulikuwa na wingu zito, jua halikuonekana. Kisha simu ya mtu ikatoa adhana. Ilikuwa redio ya visiwani, ng'ambo ya bahari. Watu wakasema alhamdulillah, tende zikaanza kupita.

Somoe, mimi najua. Nimesoma, nimefundisha wenzangu kwa kutumia chungwa na mshumaa kwamba wenzetu wa visiwani wako mashariki yetu, kwa hiyo jua huwazamia wao kabla yetu. Ni dakika chache tu. Kwa mtu anayefungua kinywa ni dakika chache, lakini kwa aliyeshika bomba lenye kioo kile ni jambo jingine kabisa. Msikiti wetu ulikuwa bado kimya. Niliusikia ule ukimya. Nakuambia kweli, niliusikia, na nikafungua kifuniko.

Kiganja sikukiweka. Nilikuwa na kijiti cha chaki mkono mmoja na daftari mkono wa pili, na watu walikuwa wanaita, "Vipi huko?" Nikakwambia, "Haya mwanangu, anzia chini, panda polepole."

Hilo unalijua, maana ulikuwepo. Ulinitazama kidogo kabla hujainama. Nimeuwaza sana ule mtazamo. Nadhani ulikuwa unangoja kiganja changu, na ulipoona sikiweki ukadhani mama anajua zaidi.

Usiku wa Idd ulinambia unaona doa katikati ya kila kitu. Nikakwambia umekodoa sana, litatoka. Siku ya tatu ukashindwa kusoma ubaoni. Zahanati wakakupa dawa ya macho mekundu. Siku ya nne tukaitwa ofisini, na Mkuu alikuwa na daftari la zamu mezani, limefunguliwa pale pale nilipoandika: kiganja kimepimwa, salama. Jioni ile niliyaandika kwa mazoea, kabla sijajua lolote. Lakini ofisini nilijua. Akaniuliza, "Mwanahawa, hii ni kweli?" Nikasema, "Ndiyo, mwalimu." Kwa hiyo uongo wa kwanza niliuandika kwa mazoea, na wa pili niliusema kwa kutaka.

Akakugeukia wewe. "Sasa Somoe, jua ulilitazama lini?"

Ukanigeukia mimi. Halafu ukasema, "Nilirudi peke yangu, mwalimu. Siku ya Idd, saa sita mchana. Mara moja tu."

"Ufunguo ulipata wapi?"

"Niliuchukua chini ya mto wa mama akiwa amelala."

Sikukukonyeza wala kukuomba. Ulitengeneza uongo mzima hapo hapo, ukiwa umesimama kwenye miguu yako midogo, ili uongo wangu usianguke. Nami nikauacha usimame. Nilitoka ofisini nikajiambia nitarekebisha kesho. Kesho yake baba yako akapigiwa simu.

Leo asubuhi alinikuta kisimani. Nilimtambua kwa namna mnavyofanana paji la uso. Nikamwamkia, akaitikia, akaniangalia.

"Wewe ndiye mama yake?"

"Ndiyo, baba."

"Mama mwenyewe ndiyo kwanza unachipua," akasema, akatabasamu kidogo. Kisha tabasamu likaondoka. "Kanambia ulimkataza, na akaiba ufunguo wako. Nimekuja kukutaka radhi. Sisi kwetu hatuna wezi. Nikimaliza kumtibu atakaa na mama yake, shule basi. Siwezi kumrudisha mtoto aliyeanza kudokoa."

Akafungua mfuko, akanipa kamba wakavu waliofungwa kwenye gazeti. "Mama yake aliyemzaa kakuletea. Anasema ahsante kwa kumlea."

Nilipokea, Somoe. Mikono yangu ilipokea na mdomo wangu ukasema ahsante. Wako hapa mezani, sijawagusa, na Bombani yote inanuka kwenu.

Ndipo nilipojua nisipoandika leo sitaandika tena maishani. Kumbe ninachokiogopa si fimbo wala kufukuzwa, ingawa mtihani wa taifa uko mbele yangu na kule Chumbi baba anawaambia watu binti yake atakuwa mwalimu. Naogopa kuona jinsi ilivyo rahisi kuendelea kuishi hivi. Nilikula, nikalala, hesabu nikafanya na zote nikapata. Hakuna kilichonizuia. Ukija kufanya kosa kubwa siku moja, usingoje mwili wako ukuambie. Wangu ulinyamaza.

Tena nilikuwa na fikra moja mbaya kuhusu kuwa mama. Nilifikiri mama ni yule anayesikilizwa. Nilipenda ulivyoitikia "abee mama" haraka kuliko watoto wote wa bwenini, na wenzangu wakinionea wivu nilijisikia vizuri. Sikuwahi kukufundisha kuniambia hapana. Kama ningekufundisha, jioni ile ungesema, "Mama, kiganja." Ni maneno mawili tu. Huko uendako, awe shangazi, awe daktari, awe mume siku moja, ukiona ameruka jambo unalolijua, sema. Hata kama sauti itatetemeka.

Sasa nimefika kwenye lile usilolijua. Nimetoka nje mara mbili kabla ya kuliandika.

Ulipoinama ulisema, "Mama, naona wekundu." Unakumbuka nilichokujibu? Nilisema ni wingu la magharibi, kaa hapo hapo, usitoe jicho mpaka nirudi. Wewe ulidhani nimetoka kwenda kuwanyamazisha watu. Wote walidhani hivyo. Nilitoka, nikawaambia bado, subirini. Bibi wa kanga ya njano akanipa tende. Nikala. Akanipa ya pili na kikombe cha uji, nikasimama pale nikanywa mpaka mwisho, nikacheka kuhusu mbuzi wake. Nilikuwa na njaa na nilipenda kusimama katikati ya watu. Ndipo msikiti wetu ukaadhini. Adhana yetu, ya hapa hapa, ikiniambia kwamba jua ndiyo kwanza linazama. Nikajua tangu hapo. Kikombe kilikuwa mdomoni. Nilirudi ndani nikakukuta hujaondoa jicho, mkono umeshika ukuta, unaningoja mimi.

Wekundu ule haukuwa wingu. Lilikuwa jua, chini kabisa, limetokeza kati ya wingu na ardhi. Nawe ulilitazama kwa muda wote wa tende mbili na kikombe cha uji, kwa sababu mama yako alikwambia usitoe jicho.

Shangazi, hapa nakuomba kwa heshima zote. Mwambieni daktari hivi: si saa sita mchana, si mara moja. Ni jioni, kwa darubini kubwa, jicho la kulia, dakika mbili au tatu mfululizo. Nimeyaandika kwenye karatasi ya peke yake, iko ndani ya bahasha hii. Dawa ya macho mekundu msiendelee nayo kabla hajasema. Na kaka yako ajue mtoto wake hakuiba kitu. Ufunguo haukutoka shingoni mwangu siku ile ya Idd, wala Somoe hakukaribia mlango huu.

Karatasi nyingine kama hiyo nimeshampelekea Mkuu, kabla sijaandika mstari wa kwanza wa barua hii, maana najijua. Niliiweka mkononi mwake mwenyewe. Aliisoma amesimama, akaisoma tena, akaniambia nimpe ufunguo baada ya Magharibi na nimwite Mwalimu Mbonde. Hakusema kitakachonipata. Huenda Bombani ikafungwa. Huenda matofali ya Dada Zainabu yakawa stoo ya majembe kwa sababu ya uji wangu. Nalo hilo naliogopa. Lakini Mkuu alisema neno moja nililolishika: kwamba leo hii, kabla basi halijaondoka, atakaa na baba yako. Akikubali, kitanda chako hakitapewa mtu mpaka daktari aseme. Nimeomba nikae nao, nimwambie mwenyewe kwa mdomo wangu na kumrudishia kamba wake. Naogopa uso wake atakapofungua kinywa. Nitaenda hivyo hivyo.

Mwalimu Mbonde aliwahi kutuambia kwamba jicho la namna hii wakati mwingine hurudi lenyewe, polepole, kwa miezi. Wakati mwingine. Nimelishika hilo neno tangu nilipolikumbuka, ninalala nalo. Sikupi ahadi nisiyoweza kuitimiza, nakuambia tu kwamba ninaliomba kila sala.

Usinijibu kama umenisamehe. Hilo lina wakati wake, au halina. Usinibebee tena lolote, wala usinionee huruma katika jibu lako; niambie kweli hata kama ni mbaya. Shangazi aiandike, ampe konda wa basi la Kibiti la asubuhi, nitalisubiri stendi Jumatatu na Jumanne, ruhusa nimeshaiomba. Nataka kujua jambo moja tu. Hapo ulipo, shangazi akiwa anakusomea haya, fumba jicho la kushoto, umtazame usoni. Pale ilipo pua yake, unaona nini?

Mwanahawa